Ziwa la Nne

Mchora ramani mstaafu alikuwa na namna yake ya kuutazama mlima. Aliutazama kama mkaguzi wa shule atazamavyo daftari la mwanafunzi mzembe: kilele kwanza, kisha mabega, kisha miguu, na mwisho akaguna kidogo, kuthibitisha kwamba mlima umekaa pale pale alipouweka yeye kwa kalamu miaka thelathini na miwili iliyopita. Marafiki zake watatu waliitazama milima ile ile huku midomo ikiwa wazi, kama watu wanaosubiri kulishwa. Tangu gari lilipoacha tambarare asubuhi hiyo na kuanza kupanda, alikuwa hajawasikia wakisema neno moja ambalo mtu mwenye akili timamu angelihifadhi hadi jioni.

Wanne hao walisoma darasa moja. Huko shuleni ndiko mchora ramani alikopewa jina la Rula, kwa sababu alipiga mstari chini ya kila kichwa cha habari na chini ya jina lake mwenyewe pia. Jina hilo alilipenda, ingawa hakuwahi kukiri. Aliamini kwamba wenzake walimwita hivyo kwa heshima.

Aliyeendesha gari walimwita Ambulansi. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa kwa miaka ishirini na minane, na ingawa king'ora alikirudisha alipostaafu, hakuwahi kuikubali fikra kwamba magari mengine nayo yana haki ya kutumia barabara. Nyuma yake alikaa Karani, aliyetumikia mahakama tangu ujana, na ambaye kutokana na kazi hiyo alibaki na ugonjwa wa kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa.

"Kona kali," alisoma Karani. "Punguza mwendo. Mawe huanguka."

"Tunajua kusoma," alisema Rula bila kugeuka.

"Nasoma kwa faida ya dereva."

"Dereva ana macho."

"Macho anayo, ila hayatumii. Punguza mwendo, bwana, humu ndani hakuna anayekufa."

"Bado," alijibu Ambulansi, akalipita lori kwenye kona.

Kinyozi alicheka hadi akakohoa. Yeye alikaa nyuma ya Rula, amepakata kikombe cha bati alichokizungushia taulo jeupe la dukani kwake, na alikuwa amezungumza tangu alfajiri bila kituo. Rula alimdharau huyu kuliko wote. Aliona kwamba Karani angalau alijua sheria mbili tatu, na Ambulansi angalau alijua injini. Lakini kinyozi anajua nini, isipokuwa kichogo cha kila mtu mjini? Na mtu huyo, aliyefeli jiografia mara mbili, ndiye aliyethubutu sasa kuwaeleza njia.

"Baada ya ziwa la pili barabara inapinda kushoto," alisema Kinyozi. "Hapana, kulia. Mimi naijua kwenye kioo, sasa lazima niigeuze kichwani kwanza."

Alisema kweli. Ramani ya milima ile, yenye jina la Rula kwa herufi ndogo pembeni, ilikuwa imetundikwa katika duka la Kinyozi kwa miaka thelathini na zaidi, ukutani nyuma ya kiti, hivi kwamba kila aliyenyolewa aliiona kwenye kioo, magharibi ikiwa mashariki. Rula mwenyewe ndiye aliyeileta, imetiwa fremu, siku duka lilipofunguliwa. Alichagua mwenyewe na msumari wa kuitundikia. Tangu hapo alinyolewa bure, jambo aliloliona kuwa la haki, na kila alipoketi kwenye kiti kile alimweleza mteja wa karibu kwamba ramani haina mdomo wa kusema uongo.

Mke wa Kinyozi alisuka wanawake katika chumba cha nyuma, na kila alipopita na beseni la maji alisimama mbele ya ramani ile. Juu kabisa, zaidi ya maziwa matatu makubwa yenye majina, palikuwa na ziwa la nne, dogo, lisiloandikwa jina. Hilo ndilo alilolichagua. "Hayo makubwa ni ya watu," alikuwa akisema. "Hili ni langu. Shemeji Rula hakuliandika jina, ameniachia mimi." Waliahidiana, yeye na mumewe, kwamba siku wakifunga duka watakwenda kunywa maji yake kwa kikombe kimoja. Alifariki mwaka mmoja kabla duka halijafungwa. Sasa duka limefungwa, na kikombe kiko mapajani mwa Kinyozi.

Kwa hiyo safari hii haikuwa ya kutazama milima, ingawa Karani aliwatangazia majirani hivyo. Ilikuwa safari ya ziwa la nne. Na ziwa la nne halikuwapo.

Hayo aliyajua Rula peke yake. Ramani ile haikuchorwa mlimani. Ilichorwa mezani, ghorofa ya tatu, kutokana na picha zilizopigwa na ndege, na Rula hakuwa amekanyaga hata jiwe moja la huko. Katika picha mojawapo, juu ya ziwa la tatu, aliona doa jeusi, laini, lenye kingo za mviringo, akalipaka rangi ya buluu. Mwaka uliofuata mpima ardhi mmoja, mtu wa viatu vya matope aliyeandika kwa penseli butu, alileta ripoti ya nusu ukurasa: amefika mahali hapo kwa miguu, hakuna ziwa wala dalili ya ziwa, huenda ni kivuli cha wingu. Rula aliisoma akiwa amesimama. Akaitafuta picha ya pili ya sehemu ile ile, iliyopigwa muda mfupi baada ya ile ya kwanza, akaona doa limesogea. Maziwa hayasogei.

Alijua papo hapo. Lakini ramani ilikuwa imekwisha kuchapwa na kusifiwa, na wazo kwamba mtu asiyejua hata kuchonga penseli amsahihishe yeye lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Aliitia ripoti ile katika droo ya chini, akageuza ufunguo. Alipostaafu aliichukua, ikahamia droo ya nyumbani. Ilikuwa huko hata sasa.

Kinyozi alipomwalika safari hii, jibu lake la kwanza lilikuwa hapana. Usiku mmoja wa kujigeuzageuza kitandani ulitosha kumbadilisha. Wakienda bila yeye, watafika juu na watajua. Akienda nao, atawageuza kwenye ziwa la tatu. Alikuwa na sababu tatu za kuwageuza, amezipanga kama penseli: mvua, barabara na goti la Ambulansi. Kwa watu wa akili kama za hawa, alijiambia, hata moja ingetosha.

Kwenye ziwa la kwanza waliteremka. Maji yalikuwa yametulia, rangi ya chuma kilichofutwa mafuta, na mlima mzima ulilala humo kichwa chini. Karani aliupa mgongo mlima pamoja na ziwa, akanyoosha mkono wenye simu mbele ya uso wake, akatabasamu.

"Umesafiri nusu siku kupiga picha ya masikio yako," alisema Rula.

"Ziwa linaonekana kidogo hapa pembeni, mzee mwenzangu."

"Kati ya sikio na ukosi wa shati. Nimeliona."

"Mwacheni," alisema Kinyozi. "Masikio yale nimeyazunguka kwa mkasi miaka yote hii, yanastahili matembezi."

Walicheka wote watatu, kicheko cha watu waliozoeana, na Rula aliwasubiri wamalize kama mtu asubiriavyo mvua chini ya paa la mwenziwe. Hakuelewa jinsi watu wazima, wenye wajukuu, walivyoweza kufurahi kwa jambo dogo namna hiyo mbele ya vitu vikubwa namna hii.

Kwenye ziwa la pili walikula mkate na mayai ya kuchemsha juu ya mwamba uliopata jua. Rula aliona wakati umewadia wa kuanza kazi.

"Mawingu yale siyapendi," alisema.

Wote wakatazama juu. Palikuwa na wingu moja, jeupe, la ukubwa wa mto wa kulalia.

"Hilo?" aliuliza Ambulansi. "Hilo limepotea njia."

"Huku juu hali hubadilika ghafla. Na goti lako, je? Kutoka ziwa la tatu ni kupanda kwa miguu."

"Goti langu limeshuka ngazi na watu waliozirai, bwana. Litapanda."

"Nasema tu kwamba ziwa la tatu ni kubwa, ni zuri, lina jina. Maji ni maji."

Kinyozi aliacha kumenya yai. Hakukasirika; alimtazama Rula kwa upole, upole ambao Rula aliuchukia, kwa kuwa hakuwa ameuomba.

"Shemeji yako hakutaka hilo, Rula. Alitaka lile uliloliacha bila jina."

Rula alifuta makombo magotini pake, moja baada ya jingine.

Kwenye ziwa la tatu barabara iliishia kwenye ukingo wa changarawe. Hapo alitoa sababu yake ya mwisho: njia ya miguu ilikuwa mbaya, pengine haipo tena, maana ramani ni ya zamani. Ilimuuma kutamka maneno hayo mawili ya mwisho. Karani hakubishana naye. Aliitoa simu, akaipanua picha kwa vidole viwili, akamwekea Rula chini ya pua.

"Njia hii hapa. Na hili hapa ziwa, tazama, doa la buluu. Hata simu inalijua."

Rula aliitazama simu. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiwahutubia vinyozi na wateja wao kuhusu upumbavu wa watu wanaoongozwa na vioo vya mifukoni. Sasa alitambua umbo lile. Lilikuwa na mbonyeo mdogo upande mmoja, mahali mkono wake ulipotikisika kidogo alipokuwa akipaka wino. Waliotengeneza ramani ya simu walikuwa wameinakili yake pamoja na mtikisiko wake. Kwa hiyo hakuweza hata kusema kwamba simu ni pumbavu. Upumbavu ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama kwenye changarawe, amevaa tai.

"Twende basi," alisema.

Walipanda kwa muda wa saa nzima. Ambulansi alitangulia, goti na yote. Karani alisoma kwa sauti maandishi ya rangi yaliyoachwa mwambani na wapita njia, majina na mioyo, hadi pumzi zikamwishia. Kinyozi, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakusema kitu. Alishika kikombe kwa mikono miwili kama kwamba tayari kimejaa. Chini yao maziwa matatu yalijitokeza moja baada ya jingine, yakaning'inia kwenye mabonde kama nguo za mtoto kwenye kamba, na mtu yeyote mwenye moyo angesimama kuyatazama. Rula hakutazama nyuma. Alikuwa na tumaini moja lililobaki, nalo lilikuwa tumaini la mtu duni, naye alilijua: pengine pangekuwa na kibonde kikavu, na mtu angesema lilikauka.

Walipofika juu palikuwa na shamba la viazi.

Lilikuwa shamba zuri, lenye matuta yaliyonyooka kuliko mistari mingi ambayo Rula aliwahi kuiona ikipigwa na wanagenzi wake. Mwanamke wa makamo alikuwa akipalilia. Alipowaona wazee wanne wamesimama ukingoni, wanahema, mmoja ana tai na mwingine ana kikombe, aliegemea jembe lake kama mtu aliyeyaona hayo kabla.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," walijibu.

"Mmekuja kutafuta ziwa."

Karani alishangaa. "Umejuaje?"

"Kila msimu wanakuja. Wengine na mahema, wengine na ndoano za kuvulia samaki. Mwaka jana walikuja vijana na mtumbwi wa kujaza upepo, wameubeba kichwani kutoka kule chini." Alisema hivyo bila kucheka, kama mtu anayetaja aina ya mdudu. "Ziwa hakuna."

"Lilikauka," alisema Ambulansi.

"Halikukauka. Babu yangu alilima hapa, na baba yake alilima hapa. Viazi havioti ziwani, mzee."

"Mbona liko kwenye ramani?"

"Hilo kamuulize aliyeichora. Mimi nikimpata nitampa jembe hili, achimbe ziwa lake mwenyewe, maana nimechoka kuwajibu watu."

Akarudi kwenye tuta lake. Hakuwa na wasaa na watu wa aina hiyo, na Rula, aliyekuwa mwepesi wa kutambua dharau kwa kuwa aliitengeneza kila siku, aliitambua dharau iliyo bora kuliko yake. Ilikuwa ya mtu anayejua mahali aliposimama.

Kinyozi alikuwa bado anayatazama majani ya viazi.

"Lazima lilikauka zamani sana," alisema polepole. "Kabla ya huyo babu. Kizazi kinasahau. Rula hakosei, jamani. Tangu shuleni hakosei. Si ndiyo, Rula?"

Mlango ulikuwa wazi. Alichotakiwa kufanya ni kukubali tu kwa kichwa. Karani, aliyekuwa amewatazama mashahidi maisha yake yote, alimtazama usoni, kisha kwa adabu akatazama pembeni. Ambulansi alijishughulisha na kamba ya kiatu. Walikuwa tayari kumwamini yeye kuliko shamba zima lililokuwa mbele ya macho yao. Watu hawa wapumbavu, alifikiri, kwa mazoea tu; lakini fikra hiyo haikupata pa kukaa, ikamrudia mwenyewe.

"Lilikuwa kivuli cha wingu," alisema.

"Nini?"

"Kwenye picha ya ndege. Niliona kivuli, nikakipaka buluu. Halikuwahi kuwapo."

Upepo ulipita juu ya majani. Kinyozi alikunja uso kama mtu anayegeuza kitu kichwani, kulia kiwe kushoto.

"Uligundua leo?"

"Hapana."

"Lini?"

"Mwaka mmoja baada ya kuichora. Mpimaji alikuja mpaka hapa, akaandika ripoti. Niliifungia."

"Kwa nini?"

Rula alinyoosha tai yake. "Aliandika kwa penseli butu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alianza kuhesabu, midomo ikicheza kidogo.

"Duka langu lilifunguliwa baada ya hapo," alisema. "Miezi mingi baada ya hapo. Ulipoitundika ile ramani ukutani kwangu ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na mke wangu aliposimama pale na beseni lake, akisema shemeji ameniachia mimi, nawe umekaa kwenye kiti, nina wembe shingoni mwako."

"Nilijua."

Kinyozi hakuinua sauti. Aliufungua mkoba wake, akaitoa ramani. Alikuwa ameitoa kwenye fremu na kuikunja kwa ajili ya safari. Aliitandaza juu ya jiwe. Rula alichutama, jambo ambalo wenzake hawakuwahi kumwona akilifanya, akachomoa penseli nyekundu mfukoni mwa koti ili alifute doa. Kinyozi aliuweka mkono wake juu ya karatasi.

"Usiguse. Hii ni yangu. Yeye aliliona hapa, litabaki hapa. Unataka kufuta, nenda kafute kule mlikochapa, na kwenye hizo simu, na kwa huyu mama anayesumbuliwa shambani mwake. Mwaka mmoja ulitosha kwako kujua. Umetufanya watoto kwa miaka thelathini na moja, halafu ukapanda gari letu kututazama tukipiga picha, ukatucheka masikio."

Kisha akakunja ramani, akakifunga kikombe katika taulo lake kikiwa kikavu, akatangulia kushuka.

Kwenye ziwa la tatu hakusimama. Karani alimuuliza kwa sauti ndogo kama asingependa kuchota hata hapo, maadamu wamefika. Kinyozi alisema hapana. Haya makubwa ni ya watu. Garini alikaa kiti cha mbele, mahali alipokuwa amekaa Rula, wala hakuomba ruhusa. Rula akakaa nyuma.

Walishuka milima. Ambulansi aliendesha kwa kasi yake ya zamani, akikata kona kama aliyebeba mtu wa kuwahishwa, na hakuna aliyemwambia apunguze. Vibao vilipita, Karani hakuvisoma. Ziwa la pili lilipita upande wa kushoto, la kwanza upande wa kulia, yote mawili yamejaa jua la alasiri, na hakuna aliyetoa simu.

Karibu na tambarare Rula alifungua mkoba wake, akatoa karatasi na kuiweka juu ya goti. Kwa Mkuu wa Idara ya Ramani, aliandika. Gari liliyumba, na herufi zikapanda na kushuka kama za mtoto wa darasa la kwanza. Chini ya kichwa cha barua alitaka kupiga mstari, kama alivyofanya maisha yake yote. Aliigusisha penseli karatasini, akaiondoa. Akaendelea kuandika, bila mstari: Kuna mtu alifika mahali hapo kabla yangu, akasema kweli.

Penseli ilikuwa imeanza kuwa butu. Hakuichonga.